Sauti ya Dada Yangu Inauliza Umri

Nitakalokusimulia hapa hutaliamini, na wala sitakulaumu. Kijiweni nilipolianza tu wakaniuliza leo nimekunywa nini. Dada yangu amekufa. Tumemzika, na udongo nimeutia kwa mkono wangu huu wa kulia. Lakini juzi nimekaa kwenye benchi la hospitali nasubiri kupimwa presha, nikamsikia kando yangu anasema, "Naomba maji. Ya baridi."

Nikageuka. Dada hayupo. Yupo baba mmoja mwembamba, shingoni kafungwa bandeji, mkononi kashika simu. Akabonyeza tena. "Naomba maji. Ya baridi." Ile "ya baridi" ya dada yangu mwenyewe, anayoitoa kama anakugombeza kabla hujamletea ya moto. Nikaondoka mbio nikamletea maji, nikaongeza soda, nikaongeza na keki. Yule baba akanitazama kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Usikimbilie kusema mjomba wa watu kachanganyikiwa. Hii ni habari ya mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu, na jinsi sauti ya mama yake ilivyomfanya ampoteze mdogo wake wa pekee. Hao wawili ndio dada yangu alioniachia. Nikifa leo, hilo ndilo litakalonifanya nigeuke kaburini.

Mpwa wangu huyo tunamwita Redio, kwa sababu alipokuwa msichana mdogo ukishamwasha hakuna pa kumzimia. Ana duka la kopi na picha za pasipoti, upana wake mlango mmoja na nusu. Mbele kuna kaunta na mashine ya kopi inayokohoa kuliko mimi. Nyuma kuna pazia, na nyuma ya pazia shuka jeupe limepigiliwa ukutani na kigoda kimewekwa mbele yake. Hapo ndipo watu wanapokaa wapigwe picha za vitambulisho. "Kidevu juu kidogo, mama," Redio anawaambia kutwa nzima. "Usitabasamu, serikali haipendi meno." Mimi nina kiti changu cha plastiki hapo mlangoni, mguu mmoja umefungwa waya. Nikiulizwa, mimi ndiye meneja mkuu. Mshahara bado tunajadiliana.

Haya ninayaandika kwenye kompyuta yake, wateja wakipungua. Shule niliishia darasa la sita maana la saba nililikuta limejaa, lakini mwandiko wangu hata walimu waliuogopa. Redio kaniruhusu kwa sharti moja.

"Andika yaliyotokea tu, Mjomba."

"Yaliyotokea ni mifupa," nikamwambia. "Nyama natia mimi."

"Basi nitakuwa nasoma."

Dada yangu alikuwa muuza nguo sokoni, na alikuwa na sauti. Akimwita mteja upande huu, upande wa pili wa soko mtu anaitika. Halafu koo likaanza kumkwaruza, tukasema ni vumbi, tukasema ni mafua, mwisho daktari akasema ni uvimbe, na kisanduku cha sauti lazima kitolewe.

Dada yangu akamuuliza, "Na ulimi mnaniachia?"

"Tunakuachia, mama."

"Basi si nitaongea?"

Daktari akatazama dari.

Watoto wake ndio waliokaa wakafikiri. Redio, na huyo mdogo wake, ambaye ni fundi wa lifti za majengo marefu, mtu wa maneno machache na vidole vyenye grisi. Wakamwambia mama yao, tutachukua sauti yako kabla hawajaichukua wao. Fundi akasema kabati la nguo ndilo linalomeza kelele. Basi dada yangu akaketi ndani ya kabati, katikati ya magauni yake, kipaza sauti mapajani, mlango umefungwa kasoro kidogo. Redio nje anamtajia maneno. Maji. Chai. Nasikia baridi. Naumwa hapa. Una njaa? Akichoka kutajiwa, mama anatia ya kwake: "Mnataka mifuko mingapi?" "Miaka nenda miaka rudi nawaambia zimeni taa!" "Nendeni mkalale." Yote yakaingia.

Na mimi nilikuwepo, kumtia moyo. Nilikuwa nawasimulia pale chumbani siku nilipobeba friji mgongoni peke yangu hadi ghorofa ya nne, mara kabati likapiga ukelele: "Mwongo wewe!" Redio hakuwa amezima. Ndiyo maana mpaka leo, kwenye programu ya simu waliyoitengeneza kwa sauti hiyo, kuna kitufe chenye picha yangu, na ukikibonyeza dada yangu anasema hivyo. Wagonjwa nchi nzima wanakipenda kuliko vyote. Nimekubali. Umaarufu hauna mlango mmoja.

Hivyo ndivyo programu ilivyozaliwa. Unagusa picha, au unaandika, simu inasema. Redio alitengeneza vitufe na picha, mdogo wake akatengeneza ile kazi ngumu ya kuunganisha maneno yasikike kama mtu. Mama yao akatoka chumba cha upasuaji na tundu shingoni, akagusa simu, neno la kwanza akanigombeza mimi.

Wodini walikuwepo wengine waliokatwa kama yeye. Wakamwonyesha simu zao, wakamtazama. Dada yangu akamgeukia Redio akagusa: "Wape." Tangu hapo ikawa programu huria. Mimi naielewa hivi: fundi cherehani anakupa gauni, na anakupa na karatasi ya mkato wake, kisha anakwambia kata, shona, punguza, ongeza mikono, mpe jirani, usinilipe. Watu wasioonana wakaanza kuirekebisha kutoka nchi zao, huyu kaongeza picha, yule kaongeza lugha. Baadaye wakaweka na kutumiana ujumbe, kwa sababu mtu asiye na sauti hawezi kumpigia simu mwanawe aliye mbali akasema haloo. Sauti ya Kiswahili ikabaki ya dada yangu. Wakafika watu milioni nne. Nilipoandika hivyo Redio alipita nyuma yangu, akainama, akafuta, akaandika "wengi". Haya, wengi.

Uvimbe ulirudi baada ya muda, na safari hiyo haukuuliza ruhusa. Jioni ya mwisho tulikuwa wote watatu kando ya kitanda. Dada yangu alikuwa na nguvu ya kidole kimoja. Akagusa: "Nendeni mkalale." Sauti ile ya kabatini, nzima, yenye afya, ya mama anayefukuza watoto sebuleni. Tukaenda. Asubuhi hakuwepo.

Sasa, jambo linalofuata sitanii nalo, kwa hiyo nivumilie.

Fundi ana binti, alikuwa na miaka kumi na tatu. Mtoto wa kucheka, akiniita Babu na kuniomba hadithi ya friji. Kwenye simu yake, kwa programu nyingine kabisa, ya kampuni kubwa, alipata rafiki. Rafiki alisema naye ana miaka kumi na tatu, anapenda kuchora. Wakaandikiana miezi. Kisha rafiki akasema tuonane. Mtoto akaenda. Hakuwa wa miaka kumi na tatu, na hakuwa msichana. Binti yetu alirudi nyumbani jioni, kwa miguu yake, na hakusema neno. Hakusema kesho yake wala wiki ile. Baba yake alikuwa anasimama mlangoni mwa chumba chake na hajui aingie au aondoke. Siku moja yule mtoto akachukua simu, akafungua programu ya bibi yake, akagusa: "Nendeni mkalale." Baba yake akaenda sebuleni akakaa chini sakafuni. Ndivyo walivyokuwa wakiongea yeye na baba yake, muda mrefu, kwa mdomo wa marehemu.

Ndipo sheria ikatoka. Programu yoyote ambayo mtu anaweza kumtumia mwenzake ujumbe lazima ijue umri wa anayeitumia, kwa kitambulisho, au kwa kupiga picha ya uso na mashine ikakadiria. Iwe ya kuuza au ya bure, ya kampuni au ya mtu na kompyuta yake moja dukani, yote ni mamoja. Isiyotii itaondolewa kwenye duka la programu la simu, na mwenyewe ataitwa ajieleze.

Mimi hiyo mashine ya nyuso niliijaribu. Iliniambia nina miaka thelathini na nne. Nilitembea kifua mbele mtaa mzima mpaka Redio akasema taa ya dukani ilikuwa imeungua, iliniona nusu. Na vitambulisho usiniambie. Nina tarehe mbili za kuzaliwa, moja ya shule na moja ya timu ya mpira ya vijana, na kwa hiyo ya mpira nilizaliwa baada ya mdogo wangu. Dada yangu kitambulisho chake kilisema tarehe moja Januari. Nusu ya wateja wa Redio wamezaliwa tarehe moja Januari. Siku hiyo wakunga walifanya kazi!

Fundi akaja dukani mchana, na ovaroli yake ya kazini. Hakukaa.

"Dada, tulitie hilo swali la umri. Kazi nimeshaifanya, bado kukubaliana tu."

Redio alikuwa anatoa kopi. "Majibu yatakwenda wapi?"

"Kwa kampuni inayokagua. Sisi hatubaki nayo."

"Kampuni ya nani?"

"Inayotambuliwa."

"Unaijua?"

"Dada, mbona unanihoji kama mwizi?"

"Nauliza kwa sababu mtu aliyekatwa koo, kabla hajaomba maji, unataka auonyeshe uso wake kwa watu nisiowajua mimi wala wewe."

"Mara moja tu. Baada ya hapo hasumbuliwi."

"Na asiye na kitambulisho?"

"Si aje kwako apigwe picha? Ndiyo kazi yako."

"Kwa sababu ni kazi yangu ndiyo maana nasema," Redio akasema, na akaizima mashine. "Naona wanaorudishwa. Jina limekosewa, cheti kimeungua, baba hajulikani. Wanarudi hapa mara tatu, mara nne. Na hao wana sauti, mdogo wangu. Wanaweza kubishana dirishani."

Nikaona niingie kati. "Ondoeni hiyo ya kutumiana ujumbe, yaishe. Sheria itawapita."

"Mzee mwashi ataongea vipi na binti yake?" Redio akasema. Huyo mwashi ni mteja wetu wa siku nyingi, alijenga nusu ya nyumba za mtaa huu. Ugonjwa ulimchukua sauti na kipande cha taya, na binti yake pekee anaishi ng'ambo.

Fundi akafuta mikono yake kwenye ovaroli, ingawa ilikuwa safi. "Yule aliyemwandikia mwanangu," akasema polepole, "hakuna aliyemuuliza kitu. Hata swali moja. Angeulizwa, angesita. Hata kidogo."

"Angeweka kitambulisho cha mtu mwingine akaendelea."

"Hujui."

"Sijui. Na wewe hujui."

"Mimi najua mwanangu alirudi vipi."

Redio, ambaye tangu azaliwe sikuwahi kumwona akikosa neno, alikosa. Nikatupa maneno ya kuchekesha, yakaanguka sakafuni, hakuna aliyeyaokota.

Wale wenzao wa mtandaoni waliandikiana mpaka macho yakavimba. Wapo waliosema tutii, watoto kwanza. Wapo waliosema tukianza kuuliza leo umri, kesho tutaulizwa tuulize jina. Mwisho wengi walisimama na Redio. Programu haitauliza. Sheria nayo haikuchelewa, ikaiondoa kwenye duka la programu la simu. Aliyekuwa nayo abaki nayo, asiyekuwa nayo haioni.

Na Fundi akachukua nakala ya programu akaondoka nayo. Kwao huo si wizi. Hiyo ndiyo desturi ya kazi yenyewe: ukikataa njia ya wenzako huwabomolei, unabeba nakala nzima unakwenda kujenga kwako. Redio mwenyewe ndiye aliyeiandika ruhusa hiyo siku ya kwanza, na mama yao akatikisa kichwa kukubali. Hawakujua wanampa ruhusa nani.

Programu ya Fundi inauliza umri. Ikakubaliwa, ikakaa pale dukani kwenye simu, peke yake, na sauti ya dada yangu ndani.

Redio hakuifungua. Alisema hana haja. Mpaka mzee mwashi alipokuja.

Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya chokaa. Jirani akamsaidia kununua nyingine na kumwekea programu iliyokuwepo. Akaingia dukani, Redio akamwamkia, "Shikamoo baba," na mzee akainua mkono badala ya kuitikia, akamsukumia simu juu ya kaunta. Redio akaigusa.

"Una… miaka… mingapi?"

Nakuapia, nywele zilinisimama. Dada yangu hakuwahi kulisema swali hilo kabatini. Fundi alikuwa amelishona. "Una" ilikuwa ya "una njaa", laini, ya mama aliyeshika sufuria. "Miaka" ilikuwa ya "miaka nenda miaka rudi nawaambia zimeni taa", ya hasira. "Mingapi" ilikuwa ya sokoni, ya mifuko. Mama watatu katika swali moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anauliza umri wa mtu.

Redio alikuwa ameshika ukingo wa kaunta. Mzee hakuwa na kitambulisho, alikuja kutafuta picha ndiyo akakiombe. Kwa hiyo akachagua njia ya uso, akainua simu mbele yake.

"Jaribu tena," dada yangu akamwambia. Hiyo aliisema kweli, kwa upole, kwa ajili ya watu wanaokosea kitufe.

Akajaribu. "Jaribu tena." Akasogea mlangoni penye mwanga. "Jaribu tena." Nikamshikia simu mimi. "Jaribu tena." Mashine ilikuwa inatafuta uso wenye pembe zote, na wa mzee umepungua pembe moja.

"Njoo huku baba, kuna taa nzuri," Redio akasema. Akamwongoza nyuma ya pazia, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya lile shuka jeupe, akashika simu kwa mikono miwili. Na kwa mazoea ya kutwa nzima, ya mwaka mzima, akasema:

"Kidevu juu kidogo, baba."

Kisha akaishusha simu.

Mzee hakuwa na kidevu cha kuinua. Alimtazama. Mabega yake yakatikisika, nikajua anacheka, kile kicheko cha watu wasio na sauti, halafu akanyoosha mkono akampigapiga Redio begani kama mtu anayembembeleza mtoto aliyevunja kikombe. Redio alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, analia.

Alipoweza kusimama akaleta waya, akaunganisha simu ya mzee kwenye kompyuta, akaifuta ile ya mdogo wake, akamwekea ya zamani. Mzee akagusa. "Asante. Mwanangu." Akagusa tena, akatuma kwa binti yake ng'ambo: "Nipo. Una njaa?" Hiyo "una" ilikuwa mahali pake.

Jioni ile ile, jua halijazama, tulikwenda kwa Fundi. Anaishi ghorofa ya tano, na lifti ya jengo lao ni mbovu. Fundi wa lifti! Siku nyingine ningemcheka mpaka ghorofa ya tatu. Nilipanda kimya, nahema.

Alifungua mlango, akabaki amesimama katikati yake.

"Mama hakusema yale," Redio akasema.

"Maneno yote ni yake."

"Maneno ni yake. Swali si lake."

"Si lake?" Fundi akacheka kidogo, bila furaha. "Tukivaa viatu tu, Mama alikuwa anauliza nini? Mnakwenda wapi. Na nani. Hao kina nani, wakubwa au wadogo. Umesahau, dada?"

Na ni kweli tupu. Hata mimi mwenyewe, na mvi hizi, dada yangu alikuwa ananiuliza nakwenda wapi na nani.

"Alikuwa anatuuliza sisi," Redio akasema mwisho. "Watoto wake. Akitujua."

"Na mimi nauliza kwa ajili ya wangu."

"Basi uliza kwa sauti nyingine. Yoyote. Itoe ya Mama."

"Ni mama yangu pia."

"Mzee mwashi ameshindwa kuomba maji leo. Amekaa mbele yangu anaambiwa jaribu tena. Na Mama."

Hapo Fundi akatazama chini. Lilimfika, nililiona likimfika. "Nitairekebisha mashine," akasema.

"Utarekebisha uso wa nani na nani?"

Kutoka ndani, sauti ndogo iliyokwaruza, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi, ikauliza, "Baba, ni Shangazi?"

Ilikuwa ni ya mtoto mwenyewe. Si ya simu. Fundi aligeuka akatazama ndani, uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeona kinyoya kimetua mkononi na anaogopa kupumua. Akaturudia. "Si sasa," akanong'ona. "Msimshtue. Tafadhali." Akafunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

Tukashuka ghorofa zote tano.

Hajawa Redio tena. Anaongea na wateja, kidevu juu, usitabasamu, basi. Watu wa sheria walipita, wakauliza maswali, wakaandika, wakasema watarudi. Watu wanakuja na simu zao, anawaunganisha waya, anawawekea, hawatozi. Waliopo mbali hawawezi kuja. Wanatumia ya mdogo wake, ambaye nasikia amerekebisha uso wa mwashi, na sasa anarekebisha wa mwanamke aliyeungua, na baada ya huyo kuna mwingine. Yule baba wa hospitali niliyemletea keki, sijui alikuwa na ya nani. Ukishapita lile swali la mlangoni, dada yangu ni yule yule.

Ukiniuliza mimi, niko na Redio. Mtu aombe maji kwanza, hayo mengine baadaye. Nikikutana na yule mtoto ngazini, anayeanza kuongea neno moja moja, nahamia kwa baba yake. Nikirudi kwenye kiti changu chenye waya, nahama tena. Nimechakaza viatu kwa kuhama.

Kwa hiyo nikafanya lililo katika uwezo wa mjomba. Nilimpigia Fundi, nikamwambia: Jumamosi mchana njoo dukani, dada yako hana habari, sema tu unataka picha ya pasipoti. Akasema, "Nitaona, Mjomba."

Na Jumamosi alikuja! Nilikuwa mlangoni, nimemwona tangu kona ya duka la vioo, amevaa shati jeupe, si ovaroli, na binti yake kamshika mkono. Mvua ilikuwa inanyesha na hawakuwa na mwavuli. Akaingia, maji yanamchuruzika, akasema, "Dada, nipige picha." Redio akaacha kopi ikimwagika sakafuni, akazunguka kaunta, na yule mtoto akacheka, akacheka kabisa, kwa sauti yake, mpaka watu wa barabarani wakasimama, na mimi nikachukua ile kamera nikawaambia videvu juu, tabasamuni leo serikali haipo, na wote watatu wakakaa kwenye kile kigoda kimoja, wakashikana, na Fundi akasema, dada nimeitoa ile sauti, nimei—

"Mwongo wewe!"

Dada yangu. Kwenye simu ya Redio, hapa kando ya kompyuta ninayoandikia. Redio amesimama nyuma yangu, kidole bado kiko juu ya picha yangu, na sijui amesoma kuanzia wapi.

"Mjomba," anasema. "Nani alikuja?"